Wasiwasi Niliouziba kwa Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza kwenye ofisi ya gazeti la wasomaji wapya, pale Majengo, nilikuta hadithi niliyoombea kazi iko mezani kwa mhariri. Niliajiriwa kuandika hadithi fupi kwa watu wazima waliokuwa ndiyo kwanza wanajua kusoma. Mhariri, mzee wa kutoka Mbeya, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, akaendelea kuhesabu kwa penseli.

"Binti, umeandika wasiwasi mara tisa. Unamtisha nani?"

Akafuta nane, akabakiza moja la mwanzoni. Hilo aliliita neno la hali, yaani lile linalotaja moyo wa mtu ulivyo. "Liseme mara moja, kisha mwache mtu wako atende. Mikono yake itasema mengine."

Hadithi ilimhusu mama mmoja wa huko Mollo, wilayani mwetu, anayehamia kijiji cha ujamaa. Nikaiandika upya. Mama anafunga ghala lake la ulezi, anaondoka, anarudi kuushika mlango, anaondoka, anarudi tena. Nikaipiga chapa kwenye stensili, karatasi ya nta ambayo herufi huitoboa ili wino upite.

Kabla ya kurudufu, Afisa wa wilaya alipaswa kuipitia. Akaweka kidole juu ya neno langu.

"Ndugu, mwananchi anayehamia kijiji kipya ana wasiwasi wa nini?"

Jamani! Nilikuwa bado kwenye majaribio, na mama na wadogo zangu walinitegemea mimi. Mhariri alinitazama tu. Nikachukua kichupa cha dawa ya stensili, nikalipaka lile neno mpaka likazibika. Niliona aibu.

Gazeti lilipotoka, Afisa aliandamana nami hadi darasa la kisomo cha watu wazima huko Mollo. Akina mama walisoma kwa zamu, kidole kikifuata mstari. Walipomaliza, mwalimu wao akauliza, "Huyu mama alikuwa na hali gani moyoni?"

Mungu anisamehe, niliomba waseme furaha.

"Wasiwasi," akasema bibi mmoja wa mbele.

"Eeh, wasiwasi," wenzake wakaitikia.

Afisa akalipekua gazeti. "Limeandikwa wapi hapa?"

"Halijaandikwa, baba," bibi akamjibu. "Kwani sisi hatukuhama?"

Afisa akalikunja gazeti, akalitia mfukoni, tukaondoka. Kwa miezi mingi kila bahasha iliyoingia ofisini niliikimbilia, nikidhani ni barua ya kunifukuza. Haikuja.

Sasa nimestaafu, baada ya kufanya kazi chini ya wahariri wanne. Vijana huniletea miswada yao, nami nafuta maneno ya hali, nawaachia moja, pengine hata hilo silibakizi. Wanasema nina busara. Busara gani! Mimi lile neno nililifuta kwa woga, na yule bibi ndiye aliyelirudisha.