Mke Aliyelisugua Gobori la Kiajemi

Gobori la Kiajemi lilikuwa la babu yetu, na ukoo wetu haukuwa na kitu cha kuringia zaidi ya hicho. Halikufyatuka tangu sijazaliwa, lakini mtutu wake wote ulitiwa maua ya dhahabu, na kitako kikapambwa kwa vipande vya pembe. Kaka yangu, mkubwa wetu, alilirithi akalitundika sebuleni.

Wifi yangu alitoka kwa watu wa jembe na sufuria. Alipoolewa tu, kaka akamwambia, "Wageni wanakuja, safisha kila kitu king'ae." Basi akalishusha gobori, akalisugua kwa mchanga na ndimu. Maji ya beseni yakametameta. Akafurahi, akidhani kazi inakubali. Akayamwaga mtaroni. Mtutu ukabaki mweupe, mikwaruzo mitupu, ua moja tu limepona karibu na kifyatulio.

Kaka hakumpiga. Afadhali angempiga. Alilitundika tena vilevile, na kila mgeni akifika humwita mkewe: "Bi Dhahabu! Njoo umweleze shemeji ulivyoniogeshea mali." Naye husimama, mikono nyuma, akasimulia mpaka mwisho. Tunacheka.

Siku moja, akishona sare za shule kwenye cherehani yake, aliniambia, "Wifi, chekeni mtakavyo. Mradi binti yangu asinicheke, nitakaa." Alikuwa na huyo mmoja tu.

Binti akakua, akaposwa. Wakwe walipokuja, mjomba wa kijana akalitazama gobori: "Mbona limenyonyolewa kama kuku?" Kaka akafungua kinywa kuita, binti akamtangulia. Akajifunga leso kiunoni, akainama, akasugua hewa, akiiga sauti ya mama yake: "Toka, we uchafu, toka!" Sebule ikaangua kicheko, kaka akafuta machozi. Wifi alikuwa mlangoni na sinia la chai.

Akaingia, akamimina vikombe vyote, halikumwagika hata tone. Posa ikakubaliwa.

Wageni walipoondoka, alitoka chumbani na cherehani kichwani. Binti akamkimbilia. "Mama, utani tu! Si baba husimulia kila siku?"

"Husimulia. Lakini wewe unamshinda."

"Mwache," kaka akasema kutoka kitini. "Ataenda wapi? Atarudi."

Hakurudi, hata siku ya harusi. Kiti cha mama wa bibi harusi nilikikalia mimi.