Penseli ya Muuguzi Mkuu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake kilikuwa penseli. Ilikuwa imechomekwa kwenye kilemba, juu ya sikio, fupi kama kidole gumba, ncha yake imechongwa kwa wembe. Ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kazi mapokezini, nami nilikuwa na cheti kipya na kalamu tatu mfukoni. Alinipita mara nne bila kunisalimu. Mara ya tano alisema, huku anatembea, "Karibu mwanangu, kiti hicho kina mguu mbovu, usikiegemee," akatoweka, mlio wa funguo zake ukibaki nyuma yake kwenye ujia.

Kituo kizima cha afya kilimwita Mama Penseli. Alikuwa muuguzi mkuu, na mkunga kwa miaka ishirini na miwili. Ratiba ya zamu ilibandikwa ukutani karibu na kabati la dawa, na ilikuwa yake peke yake. Aliiandika kwa penseli kwa sababu, alivyosema, wino hauna huruma. Mwenzake akiugua, akifiwa, au mtoto wake akipata homa, Mama Penseli alikuja na kifutio, akafuta jina, akapuliza vumbi, na mahali pale akaandika jina lake mwenyewe. Karatasi ile ilikuwa imefutwa hadi inapitisha mwanga.

Wenzake aliwatunza. Ndiye aliyeanzisha dakika kumi: kuanzia saa nne asubuhi, mmoja mmoja, kila mfanyakazi huingia chumba cha nyuma, anavua viatu, anakunywa chai, na ni marufuku kumgongea mlango. "Mkono uliochoka hauoni mshipa," alisema. Lakini chai yake mwenyewe niliikuta mezani kila siku imepoa, imefanya utando juu.

Binti yake wa pekee aliishi mji mwingine, na alikuwa na mimba ya kwanza. Alizoea kupiga simu mapokezini, maana simu ya mama yake haikupokelewa. "Mwambie mama asisahau ahadi," alisema kila mara. Ahadi ilikuwa kwamba mama atakuwa kando yake siku ya kujifungua. Siku ya harusi ya binti huyo, Mama Penseli alifika viti vinakusanywa, bado amevaa sare. Sasa nusu ya watoto wa mji wetu wamepitia mikononi mwake, na binti aliogopa kwamba mjukuu atapokewa na mtu baki.

"Utaenda lini, mama?" nilimwuliza.

"Wiki ijayo, nikipata mtu."

Jibu hilo nililisikia wiki tatu mfululizo.

Kisha ikaja Jumanne, siku ya kliniki ya watoto. Muuguzi wa vidonda alikuwa na homa, wa watoto alifiwa na mjomba wake, na wa wajawazito alikuwa kwenye semina. Mama Penseli alifuta, akaandika, akafuta tena. Asubuhi wagonjwa walipojaa, sote tulitazama ukuta, tukaona kila chumba kina jina, tukaridhika. Hakuna aliyetambua kwamba vyumba vitatu vilikuwa na jina moja.

Saa nzima chumba cha vidonda kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu anayepima watoto uzito upande wa pili wa jengo. Mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu aligonga mlango kwa fimbo yake.

"Mwenye chumba hiki ameshazaliwa, au tumsubiri?"

Foleni ikacheka. Baadaye ikaacha kucheka.

Mama Penseli alikuja mbio. Alipokea kadi ya mzee, akaitazama, akaigeuza, akairudisha. Muuguzi wa sindano, dada mwenye ulimi mkali, akachungulia kutoka chumba cha jirani.

"Mama, vipi?"

"Leo si Jumatatu?"

"Jumanne, mama."

"Mbona maandishi haya yanatembea?"

Akaegemea ukuta. Mzee yule ndiye aliyesogea kwenye benchi kumpisha. "Kaa, binti yangu," alisema, bila utani sasa. "Kidonda hiki kina miaka miwili. Hakina haraka."

Saa saba mchana mfamasia alifunga dirisha lake, akabandua ratiba ukutani, na kutuita chumba cha nyuma. "Mganga hajigangi," alisema, "lakini huyu wetu hataki hata kupimwa joto!"

Mama Penseli alisimama mlangoni, funguo mkononi. "Rudisha karatasi, bwana wee. Nani atapima watoto?"

"Si wewe."

"Nimeuliza nani."

Muuguzi wa sindano ndiye aliyejibu. "Vidonda na sindano vitakuwa chumba kimoja, foleni moja. Mtu akikosekana tunabandika tangazo, tunawaambia watu ukweli kwamba watasubiri. Na jina la mtu haliandikwi mara mbili siku moja. Hata lako."

"Watalalamika."

"Kwani leo wamepiga makofi?"

Mama Penseli alichezesha funguo. "Mnadhani nafanya haya kwa kutaka sifa?"

"Hapana, mama," alisema yule dada, ulimi umelainika. "Kosa ni letu. Kila ulipofuta jina langu nilisema ahsante, nikaenda kulala. Sikuuliza umeandika la nani."

Mfamasia aliniomba kalamu ya wino. Akaandika ratiba mpya, na juu yake: Muuguzi mkuu, likizo, siku kumi na nne. Daktari wetu akatia sahihi.

Siku ya kuondoka alirudi kutoka getini mara mbili: kwanza kutuonyesha pamba ilipo, halafu kutuambia kwamba mizani ya watoto inadanganya ikigusa ukuta. Mara ya tatu alimkuta mfamasia getini, amenyoosha mkono.

"Penseli."

Aliichomoa kwenye kilemba, akaitoa kama mtu anayeng'olewa jino. Jioni ile akapiga simu: "Pamba imetosha?"

"Namba unayopiga iko likizoni," mfamasia alijibu, akakata.

Leo ni siku ya tisa. Saa mbili asubuhi alipiga, na kwa mara ya kwanza sikusikia funguo nyuma ya sauti yake. "Uchungu umeanza. Mkunga wa hapa ni kijana, lakini mikono yake mizuri. Amenipa kiti. Nimekaa, mwanangu, unasikia? Nimekaa." Kisha akashusha sauti. "Vidonda leo yuko nani?"

"Mama!"

"Haya, haya. Nitapiga akizaliwa."

Tangu hapo kazi haitulii. Simu ikilia, vichwa vyote vinageuka. Saa tano alikuwa mtu anayeuliza kama tunang'oa meno. Mfamasia amehesabu chupa ileile ya vidonge mara tatu. Mzee wa kidonda amefungwa bandeji tangu asubuhi, lakini amegoma kwenda nyumbani. Ameketi kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, akitaka kujua ni wa kike au wa kiume. Chai yangu imepoa, ina utando.

Sasa ni saa tisa kasorobo. Muuguzi wa sindano amechungulia dirishani kwangu kwa mara ya saba.

"Bado?"

"Bado."

Hajaondoka. Ameegemeza viwiko dirishani, na sote wawili tunaitazama simu.