Mistari Miwili Myeusi ya Bibi

Juzi, kwenye maonyesho ya kimataifa ya kazi za mikono, niliona kikapu cha ukindu chenye ukingo mtupu na kikaratasi: "Tabora. Msusi hajulikani." Kwa hasira nilimpita mwenye banda aliyekuwa akinikaribisha, nikakigeuza kile kikapu.

Hajulikani vipi? Kwetu Tabora kila msusi alimalizia ukingo kwa alama yake. Ya bibi yangu ilikuwa mistari miwili myeusi, yenye harufu ya magome aliyoyachemsha mwenyewe kupata rangi hiyo.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, mnunuzi wa vikapu alikuja barazani kwetu. Hata kumwamkia bibi hakumwamkia. Aligeuzageuza vikapu, akasema, "Hii mistari itoe. Wageni wanataka kitu kisafi."

 Mnunuzi alipoondoka, bibi alianza kufumua kingo, kikapu baada ya kikapu, ukindu ukikwaruza taratibu. Mimi sikuwa nimeelewa maneno ya mnunuzi; nilidhani amekosea kusuka, nikamcheka.

"Bibi, leo umekosea vyote?"

"Fagia hapo, mjukuu wangu."

Nikaufagia ukindu mweusi wote, nikautia motoni, nikapiga makofi kuona unavyowaka.