Kadi ya Beki Asiyeumwa

Mzee niliyekuwa namhudumia huku ughaibuni, mtaa wa Thamesmead, hakuwa na picha ya harusi wala ya watoto ukutani. Alikuwa na kadi moja, ndogo kama karata, ndani ya fremu juu ya televisheni. Zamani kwao Kanada kadi hizo ziliuzwa pamoja na ubani wa kutafuna. Mtoto akishatema ubani, anabaki na mchezaji. Mzee wangu alikuwa beki wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Majirani zake hawakuujua mchezo huo, kwa hiyo umaarufu wake ulibaki na shabiki mmoja: mimi, asubuhi na jioni, na beseni langu la maji.

Kwenye kadi yeye ni kijana mwenye shingo ya fahali, mdomo kaufunga kwa sababu meno ya mbele yalishabaki barafuni. Kiingereza changu kilitosha kusoma nyuma: beki mgumu, siku moja alivunjika taya, akamwambia daktari hana tatizo, akamaliza mechi. Mabao hawakuyagusia, ila dakika alizokaa kibandani walizihesabu.

"Ulifunga mangapi?" nilimuuliza.

"Mabao ni ya watu laini."

"Na hicho kibanda walichokuwa wanakuweka?"

"Cha adhabu. Ukimgonga mtu vibaya, unakaa mle dakika kadhaa."

"Kumbe ulilipwa miaka yote hiyo kwa kukaa. Nami nikadhani yangu ndiyo kazi ya ajabu."

Akacheka hadi akakohoa. Aliniita Refa.

Kisha kaunsili, halmashauri inayolipia huduma yake, wakaandika kwamba afisa atakuja kuangalia kama bado anahitaji huduma mara mbili kwa siku, au asubuhi tu inatosha. Bila mtu wa jioni, mzee yule angelala kwenye kiti, maana magoti hayakuweza kumfikisha kitandani. Iliwahi kutokea siku moja mwenzangu aliyenishikia zamu ya jioni hakufika. Asubuhi nilimkuta kitini, suruali imelowa, ananiambia alikuwa anafuatilia habari.

Siku ya afisa alinyoa ndevu mwenyewe, akajikata mara tatu. Afisa alikuwa binti mpole mwenye kompyuta mapajani.

"Unaweza kuoga?"

"Kila siku." Kwa mkono wa nani, hakusema.

"Kwenda kulala je?"

"Kama mtoto."

"Maumivu?"

"Hayo nayasikia kwa watu."

Akainuka kumwonyesha, ameshika meza, anatabasamu, jasho linamtoka kipajini. Binti akaandika. Kila alichoandika kilikuwa kinamfukuza mtu wa jioni.

Ugonjwa huo naujua. Baba alifariki, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nami nikaacha shule darasa la sita nikiwa na wadogo watatu. Kila jioni sufuria ikiwa ndogo nilisema nimekula kazini. Majirani wakanisifu: dada yule ni jiwe. Na jiwe, kama unavyojua, halipakuliwi chakula. Wadogo zangu leo wana shahada zao, na bado wanaamini mimi si mpenzi wa chakula.

Nikaishusha kadi, nikaitoa kwenye fremu, nikampa binti. "Soma nyuma."

Akasoma.

"Taya limevunjika, anamwambia daktari hana tatizo. Huyo ndiye unayemuuliza kama anaumwa."

"Refa, nyamaza," mzee akasema.

"Sinyamazi. Nenda hadi kitandani, bingwa. Mlango uko wazi, ni hatua kumi. Uachie meza."

Aliiachia. Akapiga hatua mbili. Ya tatu ilimkuta mikononi mwangu, kwa sababu nilikuwa nimeshasimama pale goti litakapomwachia. Nilimwona binti amebonyeza kitufe kimoja cha kompyuta kwa muda mrefu, anafuta.

Huduma ya jioni ikabaki. Siku tatu mzee alinisemesha juu ya fremu tu, kwamba imekaa upande. Siku ya nne, nikiwa namvua shati, akafungua mdomo.

"Umenichongea kwa wapinzani. Zamani mtu kama wewe angeng'olewa meno."

"Yako yako wapi? Nyanyua mkono nikuoshe kwapa."

Akanyanyua.