Breki ya Mwalimu

Wanafunzi wake walimwita Bwana Breki, na jina alilistahili. Gari la kufundishia udereva huwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, na mpira wa pedali yake yeye ulilika kwanza. Ukimsogelea kuku, breki. Ukiwaza tu kumsogelea kuku, breki. Walimcheka, ila wote walipata leseni wakiwa na viungo vyao vyote, na hilo alijivunia popote alipokaa.

Siku moja mke wake akamletea mwanafunzi ambaye mwalimu hamwombei hata adui yake: mama mzazi wa mke huyo. Mama alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule, amechoka kubeba majora ya vitambaa, akataka gari aliendeshe mwenyewe. Kumfundisha mkwe si mchezo. Utamfokeaje mtu ambaye hata kumtazama usoni unajipima?

Asubuhi moja wakiwa barabarani alimpigia breki mbele ya kituo cha basi, miwani ikamwanguka, na vijana waliokuwa wakisubiri basi wakaangua kicheko. Mama aliiokota, akaivaa polepole.

"Mwanangu," akasema, "ukinifanya tena hivi mbele za watu, nitashuka niende kwa miguu."

Hakupandisha sauti. Wakwe hawapandishi sauti, wanaishusha, na hapo ndipo inapouma.

Walipofika njia panda, mbele yao kulikuwa na lori la trela limejitanua upande wa kulia, indiketa zote zimekufa. Gari refu likitaka kukata kushoto hujitanua kwanza kulia. Bwana Breki alilijua hilo kama jina lake, alilifundisha kila wiki. Mama yeye aliona nafasi tu kushoto kwa lori, akaingia. Mwalimu aliyaona magurudumu ya mbele ya lori yakianza kupinda. Mguu wake ukanyanyuka, ukafika juu ya breki, ukasita. Alimwonea mkwe wake aibu kwa muda wa kupepesa jicho, na trela likaubana mlango wa upande wa Mama. Mwalimu alitoka na mchubuko. Mama alitolewa nyonga imevunjika.

Hospitalini mwenye lori alimtuma mtu wa maneno laini. Mtu huyo alimwambia Mama kwamba mwanafunzi hana haki yoyote barabarani, ila akikubali kosa atasaidiwa matibabu kwa huruma tu. Na Mama alikuwa keshakubali moyoni. Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa kosa ni lake, amemharibia mkwe wake gari na jina. Bwana Breki alikuwa hapo hapo kando ya kitanda, anamenya chungwa, kimya. Hapo ndipo ninapomkasirikia. Chungwa moja linamenywa mpaka lini?

Mke wake ndiye aliyemleta wakili, mwanamke mfupi asiyependa kuzunguka mbuyu. Alimkataza Mama kumwambia mtu yeyote kwamba kosa ni lake. Akaeleza kuwa mwanafunzi aliyeumizwa anaweza kudai fidia kama dereva mwingine yeyote, kwamba lori kukata kona bila ishara ni kosa la lori, na kwamba hata kosa likigawanywa, fidia hupungua tu, haifutwi. Kisha akamgeukia mwalimu na kumuuliza mguu wake ulikuwa wapi wakati ule. Alijibu kwamba mambo yalitokea ghafla. Mke wake alimtazama, naye akarudi kwenye chungwa lake.

Siku ya kesi Mama aliingia mahakamani kwa magongo. Wakili wa mwenye lori alimuuliza swali lile lile: kama lori ndilo lenye kosa, mbona mwalimu hakupiga breki?

"Alikanyaga," Mama akasema bila kusita. "Breki ndiyo iliyokataa."

Wakili wa lori akatabasamu. Gari bovu lilikuwa zawadi kwake, angewatupia wao mzigo wote. Wakili wa Mama alifumba macho. Na Bwana Breki, kwenye benchi la nyuma, uso ulimwaka moto. Mama wa watu, mtu ambaye hajawahi kupunguza hata nusu inchi ya kitambaa cha mteja, ameapa kisha akasema uongo ili yeye asiaibike. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, akasimama.

Hakimu alimwamuru akae angoje zamu yake. Hakukaa.

"Breki ilikuwa nzima, mheshimiwa. Niliona lori linakata. Niliona haya kumpigia mama mkwe breki mara ya pili. Halafu nikamwacha alale hospitali anajilaumu, na mimi najua."

Alisema yote hayo akiangalia sakafu. Tabasamu la wakili wa lori likakauka. Hakimu akamuuliza Mama kama aliyajua haya alipotoa ushahidi wake. Mama aliyakamata magongo, na kichwa chake nacho kikainama.

"Nilijua. Niliuona mguu wake," akasema. "Tangu pale kituoni nilikuwa siangalii barabara. Nilikuwa naangalia mguu wake."

Fidia ilitoka, imepunguzwa kwa ajili ya makosa yao, na nyonga ikatibiwa. Lakini hadi leo wakikutana mlangoni kila mmoja humpisha mwenzake, macho chini, mpaka mke aje kuwaambia nani atangulie.