Kikopo cha Rangi ya Buluu

Mwalimu wetu aliyaita masomo yetu 'masomo ya kiangazi', na sisi tulikuwa tunatetemeka. Kwao Ulaya huo ndio wakati wa jua. Kwetu ni kipupwe, na huku juu Uluguru ukungu hushuka mpaka kwenye migomba na kukaa humo hadi saa nne. Siku ya kwanza nilimwuliza kwa nini tusiyaite masomo ya baridi. Alinitazama, akakohoa, akasema mtu anayeuliza hivyo kabla hajashika brashi atakuwa msumbufu. Hakukosea.

Nilikuwa nimerudi kutoka Berlin, nilikopelekwa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Niliwafundisha wanafunzi wao matamshi, nao wakaniruhusu kukaa nyuma katika kumbi nyingine nisikilize. Nilisikiliza kila kitu: sheria, nyota, mifupa ya watu wa kale. Nikarudi na koti zito na tabia ya kutokubali jambo mpaka nilione mwenyewe. Mama, mjini Morogoro, hakufurahishwa na koti wala tabia. Akida wa serikali ya Wajerumani alitaka niwe karani wake. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, alitaka nioe. Niliposikia kwamba mchoraji mmoja Mjerumani amekuja kupumzisha mapafu yake kwenye misheni ya mlimani, na kwamba atafundisha kuchora asubuhi na picha zinazotembea alasiri, nilipanda mlima kabla Mjomba na Akida hawajakutana.

"Utachora watu?" Mama aliniuliza. "Na wewe Mwislamu?"

"Nitaanza na milima, mama."

"Anza na milima, na umalizie na milima."

Tulikuwa wachache, karibu wote walimu wa vijiji vya misheni, waliotakiwa baadaye wapambe makanisa yao. Mimi peke yangu nilikuja na kofia ya viua. Kati yao alikuwamo mtani wangu. Ukoo wa mama yangu na ukoo wa mama yake ni watani tangu zamani ambazo hakuna azikumbukaye. Maana yake ni kwamba ana haki ya kunitukana mbele za watu, nami sina haki ya kukasirika. Anaweza kuchukua kitu changu chochote na kukizuia mpaka nikikomboe. Na nikifa, yeye ndiye atakayechimba kaburi, na kuwachekesha ndugu zangu ili wapate kupumua. Siku tusizokuwa na masomo alikuwa akifundisha watoto kusoma na kuandika kijijini kwake, hapo karibu na misheni, na jioni akilima kabichi.

"Tazameni!" alipiga kelele aliponiona. "Kumbe maiti wa ukoo ule wanaweza kupanda mlima!"

"Nimefuata harufu," nikamjibu. "Nilidhani ni kabichi zilizooza, kumbe ni wewe."

Wenzetu walicheka. Mwalimu alidhani tunagombana, akatuwekea meza mbalimbali.

Asubuhi tulichora. Mwalimu aliniambia nipake milima ya mbali rangi ya buluu. Nilikataa. Nilimwambia mlima ule naujua, nimeukanyaga, ni wa kijani na udongo wake ni mwekundu. Hakubishana. Alinitoa nje, akaniambia nikunje ngumi, niache tundu dogo, nichungulie kwa jicho moja. Ulikuwa buluu. Nililikasirikia jicho langu siku nzima. Rangi hiyo ilikuwa kikopo kimoja tu kidogo, kilichotoka Ulaya, na wiki ile Mwalimu alikiweka mezani kwangu ili nimalize ubishi wangu kwa brashi.

Alasiri tulijifunza mashine. Ilisimama juu ya miguu mitatu, na ubavuni ilikuwa na mpini wa kuzungusha. Ukizungusha haraka, watu kwenye picha watatambaa. Ukizungusha polepole, watakimbia. Siku nyingi tulizungusha mashine tupu, bila mkanda ndani, ili mkono ujifunze kwenda sawasawa.

"Kuna ukweli gani kwenye kitu kinachobadilika mkono ukichoka?" nilimwuliza Mwalimu.

"Zungusha," alisema.

Hatimaye ikafika siku ya mkanda wa kweli, na zamu ya kwanza ikawa yangu. Mwalimu aliielekeza mashine kwenye njia ambayo akina mama hupita na vikapu vya mboga wakishuka sokoni Morogoro. Aliniambia nianze nikiona vikapu. Kisha kikohozi kikamshika, akaenda kuketi nyuma ya nyumba. Vikapu vikatokea, nikaanza kuzungusha. Hapo mtani wangu akaruka mbele ya mashine. Mkononi alikuwa na kikopo cha buluu, amekitoa mezani kwangu. Alikiinua juu, akaninyoshea kidole, kisha akabana viwiko, akapiga mbawa, akawika.

Hakuna mtu pale aliyehitaji kuelezwa. Amekamata mali ya mtani, na hataiachia mpaka aletewe kuku. Akina mama walicheka, mmoja nusura aangushe kikapu.

"Jogoo!" alisema mtani. "Sitaki kifaranga. Jogoo wa kuamsha kijiji kizima!"

"Ondoka mbele ya mashine, mfa njaa wewe!"

"Jogoo kwanza!"

Nilicheka huku nikizungusha mpaka mkanda ukaisha. Hilo ndilo kosa letu, na yeyote aliyelelewa huku angelifanya. Kikopo kilikuwa mezani kwangu, kwa hiyo kwetu sisi wawili kilikuwa changu. Hatukukumbuka hata kidogo kwamba kilikuwa cha Mzungu.

Jioni hiyo hiyo habari ikaja kwamba kuna msiba Mikese, katika nyumba nyingine ya watani wa ukoo wake. Ilimpasa aende akachimbe. Akaondoka, na kikopo kikiwa mfukoni.

Kesho yake Mwalimu alitafuta buluu. Nilipomweleza ilipo, Padre mkuu wa misheni alikuwa mlangoni akisikiliza.

"Amekwenda wapi?"

"Mikese, Padre."

"Penye kituo cha gari la moshi," Padre alisema taratibu, nami nikaona wazo lake likipanda gari hilo na kufika Dar es Salaam. Alimwita mzee anayepeleka barua zake, akamwagiza ashuke bomani akaombe askari.

Sote tulijua bomani kuna nini kwa mtu mweusi aliyeiba kitu cha Mzungu. Angelazwa chini mbele za watu, apigwe kiboko. Darasa lake lingepewa mwingine. Na wale watoto aliowafundisha a na be wangekuwapo, wakimwangalia.

Nilieleza. Nilieleza kwa Kijerumani changu cha chuo kikuu, nikiamini kwamba kikitumika vizuri mambo yatakwisha. Padre alinisikiliza mpaka mwisho.

"Utani," alisema. "Ndio ule unaofanya watu wacheke makaburini? Nimeukataza mara nyingi."

Basi utetezi wangu ulikuwa umemwongezea mtani dhambi ya pili. Kule Berlin mimi mwenyewe niliwaambia wanafunzi kwamba utani ni mchezo wa zamani, utakufa wenyewe. Sasa nilikuwa nautetea kwa lugha yao.

"Leo mmoja ataiba na kusema ni desturi," Padre aliendelea. "Kesho nani hatasema hivyo?"

Ndipo nikaukumbuka mkanda. Nilimwomba Mwalimu auoshe. Alisema unatakiwa kwenda Ulaya pamoja na mingine, na dawa ya kuoshea ni kidogo.

"Neno langu halitoshi, kwa sababu nina ukoo," nilimwambia. "Mashine haina ukoo. Tuiulize."

Alimtazama Padre, akanitazama mimi. Kisha akabeba chupa zake za dawa, akaingia kwenye stoo ya maharage, nasi tukaziba nyufa za mlango kwa magunia.

Alitoka na kipande cha mkanda kinachotiririka maji, akakinyosha dirishani kwenye mwanga. Kila kitu kilikuwa kinyume. Anga ilikuwa nyeusi. Akina mama walikuwa na nyuso nyeupe. Mtani wangu, mweupe kuliko Padre mwenyewe, alikuwa ameinua kikopo juu, na katika kila picha ndogo iliyofuata viwiko vyake vilipanda kidogo, vikashuka kidogo. Padre aliinama, akafuata picha moja moja kwa jicho. Ilichukua muda mrefu.

"Hapa anafanya nini?"

"Ni jogoo, Padre."

"Jogoo."

"Anadai jogoo. Mimi ndiye nimpe."

"Sijapata kuona mwizi anayewika," alisema Mwalimu, akakohoa, na safari hii sikujua kama ni kikohozi au kicheko.

Padre hakucheka. Aliweka kidole karibu na uso mmoja mweupe. "Huyu mama namjua. Hutuuzia karoti. Anacheka."

"Wote wanacheka, Padre."

Alisimama wima, akatoka barazani, akamwita yule mzee kwa sauti ambayo sikujua kifua chake kinayo. Kutoka chini kabisa, karibu na mto, tulimsikia akiitikia. Alianza kupanda tena, polepole, akilalamika njia nzima.

Sikuridhika. Nilimwuliza Mwalimu: je, kama ningezungusha polepole, na mtani akaonekana anakimbia na kikopo? Je, kama asingewika?

"Basi tungelazimika kukuamini wewe," alisema. "Ingekuwa kazi ngumu zaidi."

Padre aliyasikia hayo. Alivuta kiti, akaketi, akaniomba nimweleze utani tena tangu mwanzo. Mara hii aliuliza maswali, mengine mazuri.

Mtani alirudi kesho yake, ana vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, hajui lolote. Padre alimwomba kikopo. Alikitoa mfukoni, kisha akanigeukia mimi.

"Na jogoo?"

"Mpe Padre!" nilisema. "Si changu! Hakikuwa changu!"

Niliona jambo lenyewe likimwingia. Alipiga goti, akakitoa kwa mikono miwili. "Nisamehe, Padre. Nilidhani ni cha huyu maiti."

"Simama," Padre alisema. "Watoto wako wanakungoja darasani. Wamekwisha kuvunja ubao mmoja."

Baadaye tulisimama nje, na mkanda sasa umekauka. Mwalimu alikata kipande chenye picha chache, akampa mtani. Mtani alikielekeza juani, akafumba jicho moja.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nimekuwa Mdachi." Alisogeza mkanda karibu zaidi. "Na miguu yangu iko wapi?"

Nilitazama. Kweli, nilikuwa nimemkata magotini.

"Mashine imetoka Ulaya kwa meli, wewe umetoka Ulaya kwa meli, na nyote wawili mmeshindwa kuona kwamba mtu ana miguu!"

"Ulisimama karibu mno."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Kesho una kipindi mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa sita."

"Basi njoo saa sita," nilimwambia. "Usimame pale kwenye mgomba, nikupate mzima."