Ngozi Kwetu, Kibofu Kwake

Juzi wajukuu zangu walisikia redioni kwamba tajiri mmoja huko Ulaya amenunua timu ya mpira, timu nzima, wachezaji na uwanja wao. Nikawauliza, je, ngozi inalala kwa nani? Wakacheka, wakasema bibi kazeeka. Wacheke tu. Hawajui kwamba mimi nilikaribia kuzimia kwa hofu juu ya swali hilohilo, wakati baba zao hawajazaliwa.

Nilikuwa mke mgeni, sina hata miaka miwili kwenye boma la mume wangu, nusu siku kwa miguu kutoka Omurushaka. Timu yetu haikuwa na mwenyewe. Au niseme ilikuwa na wenyewe wengi: kila nyumba ilitoa kikapu cha kahawa kavu, zikauzwa pamoja, ukanunuliwa mpira Bukoba. Aliyetoa kikapu ndiye mwenye timu, acheze asicheze. Palikuwa na mjane mmoja jirani yetu, mguu mmoja umevimba matende, naye alikuwa akija uwanjani kila mazoezi na kukaa pale kwenye nyasi. Wakimtania wanamwambia, "Mama, wewe unacheza namba ngapi?" anajibu, "Mimi nacheza kikapu."

Mipira ya siku zile ilikuwa vitu viwili. Nje ngozi, imefungwa kwa kamba kama kiatu. Ndani kibofu cha mpira kinachojazwa upepo. Wazee wakaamua ngozi ilale kwetu, maana mume wangu ndiye golikipa, na kibofu kilale kwa nahodha. Ngozi bila kibofu ni kikapu kibovu, na kibofu bila ngozi ni tumbo la mbuzi. Basi hakuna mtu mmoja angeweza kuondoka na timu.

Ili kukaza neno hilo, mume wangu na nahodha wakafunga omukago, udugu wa damu. Kila mmoja alichanjwa kidogo karibu na kitovu. Wakachukua tunda moja la kahawa, maana ndani yake punje ni mbili, kila mmoja akapaka punje damu yake na mwenzake akaimeza. Padri alikuwa amekataza mambo hayo, na Jumapili wote wawili walikuwa kanisani wameinamisha vichwa. Lakini hakuna Mnyambo, mtu wa kabila letu, asiyejua sheria ya omukago. Ndugu wa damu hanyimwi kitu. Akiomba, anapewa. Ukimnyima, tumbo linavimba, la kwako au la mtu wa nyumbani mwako, na kinachofuata ni kaburi.

Na mimi nilikuwa na tumbo. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka. Hii ya pili ilikuwa imefika mahali ambapo mtoto anajigeuza asubuhi ukiamka, na kila asubuhi nilikuwa nasubiri ajigeuze kabla sijatia mguu chini.

Tajiri mmoja mwenye duka Omurushaka ndiye aliyeharibu amani. Alikuja kutuona tukicheza na watu wa Kayanga, akapenda. Akasema fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse fahali kijiji kizima. Timu ipewe mtu mmoja mwenye uwezo, naye ndiye yeye. Angewavisha jezi, angewapeleka mpaka Bukoba, watu walipe kiingilio. Wazee wakamjibu hapana. Mpira wa dukani alikuwa nao, na ulikuwa mzuri kuliko wetu. Alitaka wetu ili tusibaki na wa kuchezea, tumfuate tu.

Siku yenyewe mume wangu alikuwa ametoka na wenzake kupeleka kahawa ghala la ushirika. Mimi nilikuwa nje namenya ndizi. Nikaona nahodha anakuja, na anasukuma baiskeli mpya, karatasi ya dukani bado imezungushwa kwenye bomba. Nahodha hakuwa na baiskeli. Kisu kikanitoka mkononi.

"Shemeji, habari za hapa?"

"Nzuri. Mwenzako hayupo."

"Najua. Nimekuja kuchukua ngozi niipake samli. Imekauka sana."

Ngozi niliipaka samli mimi mwenyewe juzi yake. Na yeye alijua kwamba haitoki mpaka wasimame wote wawili, yeye na mume wangu. Nikamwambia asubiri, apate chakula, ndugu hatoki na njaa. Akasema hana njaa. Nikamwambia basi akae apumzike. Akasema hakuja kukaa. Halafu akaniangalia, akapandisha shati, akanionyesha kovu lake pale karibu na kitovu.

"Naomba kwa tumbo hili, shemeji. Naomba ngozi."

Ndugu zangu, niliogopa. Nikimpa, nimeuza vikapu vya watu wote, cha mjane pia. Nikimnyima, nimemnyima ndugu wa damu wa mume wangu, na tumbo la kuvimba lilikuwa tayari hapa mbele yangu.

Niliingia chumbani nikaitoa ngozi uvunguni. Sikujua ninafanya nini. Nikaiweka juu ya tumbo langu, nikajifunga kitenge juu yake mara mbili, nikatoka, nikakaa mlangoni.

"Sikunyimi," nikamwambia. "Ngozi hii hapa. Ichukue mwenyewe."

Alinyoosha mkono, mkono wa kumfungua kitenge mke wa ndugu yake. Wallahi aliunyoosha. Nikauona ukija, nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amekwisha kugeuka, anasukuma baiskeli kwa haraka mpaka mnyororo ukatoka. Hakusimama kuurudisha.

Mume wangu aliporudi nikamweleza. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Aliomba kwa tumbo?" Nikasema ndiyo. Mkono wake ukaingia chini ya shati kutafuta kovu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana nilikuwa natumaini atanicheka.

Asubuhi iliyofuata mtoto hakujigeuza. Nikalala kwa ubavu wa pili, nikasubiri. Kimya. Na kesho yake vilevile. Mama mkwe alinipa uji wa ulezi, akanikanda mgongo, akasema watoto wengine ni wavivu tu. Nilijishika tumbo kila saa nione kama linavimba, na tumbo la mja mzito utajuaje kama limevimba? Niliomba rozari, na katikati ya rozari nikaomba na mizimu ya kwetu, Mungu anisamehe.

Jumapili baada ya misa watu walijaa uwanjani. Tajiri alikuwepo, jezi zimekunjwa vizuri mkononi. Mume wangu alisimama na ngozi. Nahodha akatokea na baiskeli, amekonda uso kwa siku hizo chache, akamwegemezea tajiri ile baiskeli. Kisha akaja moja kwa moja nilipokaa na yule mjane.

"Shemeji, tumbo halijambo?"

"Sijui," nikamwambia. "Tangu siku ile hajajigeuza."

Akachuchumaa mbele ya watu wote. Akatoa kibofu kifuani mwake, akaniwekea mapajani. "Sijalala," akasema. "Kila nikifumba macho nauona mkono wangu."

Wakameza punje za kahawa upya, yeye na mume wangu, palepale. Tajiri akaondoka na jezi zake. Mpira ukajazwa, ukafungwa kamba, ukachezwa, na mjane akashangilia kikapu chake. Mimi sikuona bao hata moja. Nilikuwa nimeinama, mikono yote tumboni.

Ilikuwa wakati wa kurudi, kwenye njia kati ya migomba, mume wangu mbele, nahodha nyuma yetu. Nikamsikia mtoto. Alijigeuza mzima mzima, kutoka ubavu huu mpaka ule. Nikakaa chini katikati ya njia nikalia kwa sauti.

Nahodha hakuuliza kitu. Alivyoniona nimeanguka nashika tumbo alidhani amekwisha kuniua mtoto, akatupa mpira, akakimbilia migombani. Ilinibidi niinuke na tumbo langu lile nimfuate, namwita, namwambia arudi, mtoto yu hai.